Sikuifungua Faili ya Mama Yako

Ngoie wangu,

Jana mchana, nilipokuwa juu ya stuli natengeneza taa ya barza, ulikuja ukasimama mlangoni ukaniuliza: "Tata, kule ku kazi bakinipatia haki zote za mashine, mi nifanye nini?"

Lilikuwa swali lako la kwanza kwangu tangu kilio cha kumzika mama yako. Maneno yetu mengine yote yamekuwa ya chumvi, ya makala ya kupikia, ya nani atafunga mlango wa uani. Nami nikashindwa. Nikasema, "Tutaongea." Ulingoja kidogo, nikaona unangoja, kisha ukaingia ndani. Ningeshuka kwenye ile stuli, ningekuita. Sikushuka. Nilikaa na waya mkononi kama mtu aliyesahau taa ni ya nini.

Kesho asubuhi unapanda basi ya Lubumbashi, na huko ndege ya Kinshasa kuanza kazi, na bado sijakujibu. Sasa majirani wanapika, wewe uko kwa shangazi yako kuaga, nyumba iko kimya. Kinywa changu hakiwezi. Acha mkono ujaribu.

Habari za kula, za kulala, za marafiki wa kuepuka, sitakuandikia. Mama yako alikufundisha hayo yote, na mimi nilikuwa nasikiliza kutoka chumbani nikifurahi kwamba kuna mtu anayejua kuyasema. Nitakuandikia habari ya kazi, sababu ndiyo uliyouliza, na sababu habari ya kazi na habari ya mama yako zimeshikana kwangu, siwezi kuzitenganisha.

Unakumbuka ulipokuwa mdogo nilikuwa nakupeleka hospitalini, kazini kwangu kwenye kompyuta, siku za Jumamosi? Uliniuliza programu inakaa wapi ndani ya mashine ya mapokezi. Nikakuambia hamna kitu mle. Kinachoonekana pale ni picha tu, kama televisheni. Kazi yenyewe inafanyika kwenye mashine kubwa, ile iliyo katika chumba cha baridi karibu na labo. Mtu wa mapokezi, muuguzi, daktari, wote wanatazama mashine ile moja, kila mmoja kupitia dirisha lake. Ukaniuliza: "Na nani anachagua kila mutu aone nini?" Nikajigonga kifua. Ukacheka. Ulijua baba yako ni mtu mkubwa.

Lakini kuna jambo la siku zile ambalo sikukueleza. Mwanzoni sikumchagulia mtu yeyote kitu chochote. Nilikuwa nimechoka kuitwa. Leo labo haiingii, kesho famasi inakataliwa, kesho kutwa kuna muuguzi anapiga simu nikiwa kanisani. Basi nikawapa wote jina moja la kuingilia, na neno la siri moja, na jina lile nikalipa haki zote. Simu zikaisha. Wakubwa wakanisifu, wakasema tangu nimefika mashine zinatii.

Kisha akaja Mwalimu Odile. Hukumjua, alikuwa anafundisha darasa la tatu hapa Dilala, mwanamke mpole, mjane. Alipimwa kwetu siku ya Alhamisi. Jumapili, akiingia kanisani, wenzake wa kwaya walisogea kwenye benchi, wakaacha nafasi kubwa kati yake na wao. Jumatatu alikuwa ofisini kwangu. Hakupiga kelele. Aliweka mkoba wake juu ya magoti akasema:

"Tata, majibu yangu, hata docteur alikuwa bado kuniambia. Batu ba kwaya banajua. Nani alifungua?"

Nikageuka kwenye mashine kumtafutia. Inaandika, unajua, kila anayefungua na saa aliyofungua. Jina lilikuwepo. Ni lile moja, la wote. Aliyefungua angeweza kuwa mtu wa mapokezi, wa famasi, mlinzi wa zamu, yeyote. Ilibidi nimwambie yule mama, "Siwezi kujua." Akaniangalia. Akasema, "Weye haujui?" na hakurudia tena. Mwezi ule ule alipanda treni ya kwenda Lubudi, kwa ndugu zake, na hapa hakuonekana tena.

Mtu aliyeropoka ana dhambi yake. Mimi nilikuwa nimeacha mlango wazi sababu nilitaka kula chakula changu kikiwa moto.

Ndipo nilianza upya, na mama Astride, muuguzi mkuu, akanisaidia. Tulipita chumba kwa chumba. Hatukumuuliza mtu anataka nini, sababu kila mtu anataka kila kitu. Tuliuliza: asubuhi ukifika, unafungua nini? Halafu nini? Mapokezi wakabaki na majina na siku za kurudi. Famasi wakabaki na dawa zilizoandikwa. Labo waliandika majibu, lakini majibu ya jana ya mtu asiye mbele yao hawakuyaona tena. Kila mtu akapata jina lake mwenyewe. Ugonjwa wa mtu ukabaki kwa daktari anayemtibu na muuguzi wa chumba chake.

Directeur alinikasirikia. Alinifuata hadi chumba cha baridi, jasho linamtoka mle ndani ya baridi.

"Mi njo mukubwa wa hapa! Utaninyima nini, weye?"

"Tata Directeur, hesabu yote ya hospitali utaona. Vitanda, dawa, makuta inayoingia, yote. Ugonjwa wa mutu ni wa docteur yake."

"Na weye? Weye utaona?"

Mama Astride alikuwa amesimama nyuma yake. Akasema polepole, "Ee, tata. Na weye?"

Nikajiondolea haki hiyo mbele yao. Nikabaki na kazi ya kuwasha programu na kuizima, ya kuingiza wafanyakazi wapya na kuwaondoa wanaoondoka. Faili ya mgonjwa sikuweza tena kuisoma. Directeur akaenda. Lakini wewe umesoma kazi hii kuliko mimi, unajua nilichokijua: mwenye kuweka majina ya watu kwenye kundi la madaktari anaweza kuweka na lake. Mlango ule ulifungwa na neno langu tu. Hakukuwa na kufuli nyingine.

Jioni ile nilimsimulia mama yako. Alikuwa barzani, mguu juu ya cherehani, sindano mdomoni. Akatoa sindano akasema, "Njo muzuri. Sasa hata mi naweza kuenda kule bila haya." Unajua hakupenda kutibiwa pale. Nusu ya wafanyakazi walikuwa wateja wake. Aliwashonea magauni ya harusi. Hakutaka watu anaowapima kiuno wajue yaliyo tumboni mwake.

Sasa nafika kwake.

Mvua zilipoanza, mwaka wako wa mwisho wa masomo kule Lubumbashi, nilimwona anapunguza magauni yake mwenyewe. Alikaa barzani akifumua mshono wa ubavuni, akikata, akishona tena. Nikamuuliza. Akasema ndiyo mode, mtindo wa sasa. Wiki nyingine akakaa tena na gauni lile lile. Alikuwa anaacha bukari na mboga kwenye sahani, anasema ameonja jikoni. Siku moja nikamkuta kwenye korido ya labo, amekaa kwenye benchi na watu wengine, kitambaa cha kichwa kimeshuka hadi machoni. Nikamshika mkono. Akasema, "Ulcère ya tumbo, tata ya Ngoie. Balinipatia dawa. Rudia ku kazi yako."

Na jioni, wakati ninavua viatu:

"Kule ku mashine yako, jina yangu uiache, usiifungue."

"Juu ya nini?"

"Juu mi njo nakuomba."

Nikamwambia ndiyo. Niliona ni jambo dogo. Mtu anakubali kitu kama hicho huku anatafuta kandambili.

Halafu ikaja siku alipotapika asubuhi akashindwa kuinuka, akaniambia niende kazini, atalala. Nilienda. Mchana mvua ilipiga bati mpaka watu walikuwa wanaongea kwa mikono. Nilikuwa peke yangu katika chumba cha baridi. Ngoie, niliweka jina langu katika kundi la madaktari. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Nikafungua programu, ikanikubali kama inavyomkubali mtu mwingine yeyote. Nikaandika jina la mama yako. Likatokea: jina lake la kwao, jina la ubatizo, mtaa wetu. Mkono ulikuwa juu ya kipanya. Nilikuwa nimebakisha kubonyeza tu.

Ningependa kukuambia kwamba nilimkumbuka Mwalimu Odile, au ahadi yangu mbele ya directeur. Hapana. Nilikumbuka kwamba tangu akonde, mama yako alikuwa anafunga mlango wa chumba akibadilisha nguo. Sisi, tuliozeeka pamoja. Alikuwa anafunga, nami nilikuwa nakaa sebuleni nangoja afungue. Hakutaka nimwone hivyo. Nikaona niko nje ya mlango ule ule, mkono uko kwenye kitasa.

Nikafunga. Nikatoa jina langu. Nikaenda moja kwa moja kwa mama Astride nikamwambia nilichofanya na nilichoacha kufanya, sababu mashine ilikuwa imekwisha kuandika, na nilitaka mtu ajue kutoka kinywani mwangu. Alikuwa anakunja mashuka. Hakunilaumu. Alisema, "Enda ku nyumba, tata. Uliza bibi yako."

Nilimuuliza mama yako. Hakunijibu siku ile. Alisema, "Nikikuambia, utamuita Ngoie. Ukimuita, atakuja. Na akikuja hatarudia tena ku masomo." Akageukia ukutani.

Aliniambia mwenyewe baadaye, mvua zikiwa katikati. Tulikuwa tunachambua maharage kwenye ungo, yeye upande wake, mimi upande wangu. Hakuinua macho. "Ugonjwa iko ku foie, ku maini," akasema. "Docteur aliniambia toka mwanzo." Nikauliza kuhusu kutibiwa Lubumbashi, kuhusu Zambia, kuhusu kuuza nyumba. Akasema hayo yote alimuuliza daktari, na daktari alimjibu kwamba wangejaribu, na pengine angepata muda zaidi, lakini ni muda wa kitandani. "Mi nilichagua ya ku cherehani," akasema. Akatupa jiwe dogo nje ya ungo.

Nimemuuliza daktari baada ya maziko. Alisema vile vile: pengine. Nimeishi na neno hilo. Sitakudanganya kwamba limekuwa jepesi.

Hapo ndipo mama yako aliniapisha. Usimwambie Ngoie mpaka atetee kazi yake mbele ya maprofesa. Nikaapa, mikono imejaa maharage.

Ulikuwa unapiga simu kila Jumapili. Hukuona nilichokuwa naona. Alikuwa anajiinua nusu saa kabla, ananawa uso, anakaa kwenye kiti kilichonyooka ili sauti itoke vizuri. Anacheka nawe, anakuuliza kama chumba kinavuja. Akimaliza ananipa simu na analala mpaka giza. Jumapili moja ukaniuliza mimi: "Tata, mama iko muzuri?" Yeye alikuwa ananiangalia. Nikasema, "Iko muzuri."

Maneno hayo mawili ndiyo ninayoamka nayo.

Ulipotetea kazi yako ulipiga simu unalia kwa furaha, nikamwekea sikioni. Alicheka, Ngoie. Kicheko chenyewe kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa chake. Akaniambia, "Sasa umuite." Nikakuita saa ile ile. Ukapanda basi ya kwanza, basi ikaharibika upande wa Likasi, mkalala njiani. Asubuhi aliuliza kama umefika. Aliuliza tena. Ulipoingia uani watu walikuwa wamekwisha kutandika mikeka ya kilio, na kabla hujafika kwangu shangazi yako, katika kulia, akasema mbele ya wote kwamba mimi nilijua toka siku nyingi.

Ukaja ukasimama mbele yangu. Ulikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ukasema: "Tata, weye njo ulikuwa na funguo yote ya hospitali. Ulinifungia mi inje."

Wajomba walitaka kukunyamazisha. Niliwaambia wakuache.

Nimekaa na maneno yako miezi hii yote, na nataka ujue nilipofika nayo. Watu wanadhani unanikasirikia sababu sikufungua faili. Pengine na wewe, siku nyingine, unadhani hivyo. Ile faili sijuti. Nikirudishwa katika chumba kile, mvua ile juu ya bati, nitafunga tena, na nitalia tena. Ugonjwa ulikuwa wake. Alikuwa na haki ya kuniambia kwa kinywa chake, siku yake, na maharage yake mkononi. Ningebonyeza, ningekuwa nimemwibia siku ile, na ndiyo siku tuliyokuwa karibu kuliko siku zote za ndoa yetu.

Lakini kumuaga mama yako kulikuwa haki yako. Haikuwa juu yake kukukataza, hata kama alifanya kwa mapendo, na haikuwa juu yangu kukunyima. Ilinipasa kumwambia: nitaficha jina la ugonjwa, lakini Ngoie nitamwita. Ungekuja, ungekaa naye barzani siku mbili, ungerudi kwa masomo au usingerudi. Ungechagua mwenyewe. Nilishika kitu chako nikakifanyia uamuzi kama changu. Mtu akifanya hivyo katika hospitali, ningemtoa kwenye mashine siku hiyo hiyo. Katika nyumba yangu nilijiita mume mwaminifu.

Basi, swali lako la jana. Wakikupa haki zote, na watakupa, sababu kila kazi mpya wanaona ni rahisi hivyo, uzirudishe. Baki na zile unazotumia asubuhi ukifika. Kila mtu awe na jina lake, hata wakikusumbua kwa simu za Jumapili. Hiyo ni nusu ninayoijua vizuri, ningeweza kuifundisha nikiwa nimefumba macho. Nusu ya pili nimeifahamu nikiwa nimechelewa: ukimaliza kufunga, zunguka upande wa nje. Angalia nani amesimama pale, na kama kitu kilicho ndani ni chake. Mashine haitakuambia. Inaandika wanaoingia, na wanaokataliwa. Yule ambaye hakuambiwa kwamba mlango upo, hayumo mahali popote.

Leo asubuhi nilienda kwa Docteur Kasongo, yule aliyemtibu mama yako. Nilimuuliza kama wewe, mtoto wake, unaweza kuelezwa yote yaliyoandikwa. Akasema, "Akuje yeye mwenyewe. Siku yoyote. Hata kwa simu, akiwa Kinshasa." Mimi nimepewa ruhusa hiyo tangu maziko, kama bwana yake, na sijaitumia kusoma faili. Aliyotaka nijue, mama yako aliniambia. Wewe hukuambiwa kitu. Uende au usiende, ni juu yako, na mimi sitauliza. Nimekuandikia nambari yake nyuma ya karatasi hii.

Sikuombi unisamehe. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikitafuta njia ya kuliomba jambo hilo bila kukubebesha mzigo kwenye siku ya safari, na sijaipata. Safiri. Fanya kazi yako. Ukicheka kule, cheka sana. Una kicheko chake, na hapa nyumbani hakuna tena anayekitoa.

Kesho asubuhi, utakapofungua mlango, mimi nitakuwa nimekwisha kuvaa. Ukitaka tuongee njiani, tutaongea. Ukitaka tunyamaze, tutanyamaza mpaka parking ya mabasi, na pale nitasimama nyuma na watu wengine. Nakuomba jambo moja tu, na hilo nalo unaweza kulikataa: uniache nibebe sanduku.

Ni mimi,
tata yako